Uzunguni Haujaondoka: Rohero, Buyenzi na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Ndugu walimu, karibu kila mji uliojengwa na mkoloni katika Afrika Mashariki ulijengwa kwa mafungu matatu: fungu la Mzungu, fungu la Mhindi na Mwarabu wa dukani, na fungu la Mwafrika. Kiswahili chetu kiliyaweka mambo hayo katika maneno matatu yasiyohitaji tafsiri: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwanafunzi wa sarufi atatueleza kwamba haya ni majina ya mahali, yenye u- mwanzoni na -ni mwishoni. Amesema kweli. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuongeza kwamba haya ni majina ya matabaka, na kwamba yangali yanatumika ingawa wenye kuyasababisha walifunga virago zamani.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika mji wa Bujumbura tunaishi ndani ya mfano huo. Uzunguni wetu ni Rohero. Uswahilini wetu ni Buyenzi, na jirani yake Bwiza. Baina yao ni mwendo mfupi wa miguu, lakini umbali wa mali, heshima na lugha ni mkubwa kuliko ule wa kutoka hapa hadi Kigoma.

Hoja tunayoileta mbele yenu ni moja. Umaskini wa Uswahilini haukuota wenyewe kama majani ya mvua. Ulipimwa kwa kamba na kuchorwa katika ramani. Dharau inayotupiwa lugha ya watu wa Uswahilini ni sehemu ya ramani hiyo hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayeidharau lugha hiyo, hata kama anafanya hivyo kwa jina la usanifu, anaulinda mpaka wa mkoloni, tena anaulinda bila ujira.

Mpaka ulivyopimwa

Usumbura ulianza kuwa mji katika miaka ya 1890, Wajerumani walipoweka kituo cha askari kando ya Ziwa Tanganyika. Askari waliokuja nao, wapagazi, mafundi na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Manyema na pwani ndio waliokuwa wakazi wa kwanza wa mji huo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana wapo wanaodhani kwamba Kiswahili kiliingia Burundi mwaka 2007, nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kana kwamba kilishuka katika basi kutoka Arusha. Kabla Jumuiya hiyo haijafikiriwa, kabla ya Mbelgiji kufika, mtu wa Usumbura aliuza samaki, akaposa mke na kumzika mzazi wake kwa Kiswahili.

Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na baadaye wakakabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa. Wakafanya hapa waliyokuwa wakiyafanya Kongo. Rohero ukawa mtaa wa Wazungu: viwanja vipana, bustani, miti ya kivuli kandokando ya barabara, ofisi na maduka makubwa. Mwafrika akatengewa pengine. Bwiza uliitwa kwa jina la Mbelgiji mwenyewe, na wazee wangali wanalikumbuka jina hilo la "Belge". Buyenzi ukaitwa kijiji cha Waswahili. Wafanyabiashara wa Kiasia nao wakapewa mtaa wao, ambao hadi leo hujulikana kwa Kifaransa kuwa ni mtaa wa Waasia. Hivyo ndivyo rangi ya ngozi ilivyogeuzwa kuwa anwani.

Sheria ya wakoloni iliipa mitaa ya Waafrika wa mjini jina la ajabu: vituo vilivyo nje ya mila. Lifikirini jina hilo, ndugu walimu, nyinyi ambao kazi yenu ni kupima maneno. Mrundi wa mlimani alihesabiwa kuwa mtu wa mila, akawa chini ya mwami na machifu wake. Mzungu wa Rohero alihesabiwa kuwa mtu wa sheria, akawa na haki zake. Mtu wa Buyenzi hakuwa huku wala huko. Alikuwa mkono wa kazi uliotafutiwa mahali pa kulala usiku ili uonekane tena kazini asubuhi.

Sababu iliyotolewa na wakoloni katika miji yao mingi ilikuwa afya. Walisema kwamba mbu wa malaria huruka umbali maalumu, na kwa hiyo yafaa Mwafrika alale mbali na Mzungu. Twauliza: mbu huyo alikuwa na adabu gani, hata asimuume Mzungu pale mpishi wa Kiafrika alipokuwa jikoni kwake tangu alfajiri, na yaya wa Kiafrika alipokuwa amembeba mwanawe kutwa nzima? Ukweli ni kwamba aliyeogopwa hakuwa mbu. Aliyeogopwa alikuwa mtu, endapo angejiona kuwa mji ni wake.

Tazameni hata majina ya barabara. Za Rohero zina majina: ipo ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, ipo ya Patrice Lumumba, ipo ya Uprona, na upo Uwanja wa Uhuru. Za Buyenzi zina namba. Mtoto wa Rohero hukua akisoma historia ya taifa lake katika vibao vya njiani. Mtoto wa Buyenzi hukua akihesabu.

Waliorithi nyumba

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ukawa Bujumbura. Basi wapo wenzetu wanaotuambia kwamba mambo haya yamekwisha, na kwamba kuyafufua ni kutafuta kisingizio. Tunawajibu kwa swali: waliohama walikwenda na nyumba zao?

Nyumba zilibaki, na viwanja vilibaki, na mipaka yake ilibaki. Kwanza waliingia wakubwa wa serikali mpya. Baada yao wakaja wenye mabenki, mabalozi na mashirika ya misaada, ambayo hulipa kodi kwa fedha za kigeni na kuifanya ardhi ya mtaa huo isigusike kwa mshahara wa mwalimu, sembuse kwa kipato cha mchuuzi. Hatusemi kwamba kila akaaye Rohero ni mnyonyaji. Wamo humo watumishi wa kawaida, wamo wajane waliorithi nyumba wasizoweza kuzitengeneza, na wamo mayaya na walinzi wanaolala katika vyumba vya uani. Wala hatusemi kwamba Buyenzi hakuna tajiri. Wafanyabiashara wake wengine wana mali nyingi. Tunachosema ni kwamba mtaa mmoja ulipangwa upokee, na mwingine ukapangwa utoe, na mpango huo haukubadilishwa pamoja na bendera.

Ushahidi u wazi kwa kila apitaye. Asubuhi watu wa Buyenzi na Bwiza hupanda kwenda Rohero kufanya kazi, na jioni huteremka. Gari likiharibika Rohero hupelekwa Buyenzi, ambako mafundi, wengi wao wasio na cheti chochote, huifahamu injini kwa kusikiliza mlio wake. Likishapona hurudi lilikotoka, na fundi hubaki na grisi mikononi na malipo aliyobishania nusu saa. Maarifa yako Buyenzi. Faida imepanda Rohero.

Mahali pamoja palikuwa na tofauti, napo ni soko kuu la Bujumbura. Soko hilo lilikuwa katikati ya mji, ndani ya Rohero, na humo mtu wa Buyenzi hakuingia kama mtumishi. Aliingia kama mwenye mali, na lugha ya biashara aliyoitumia ilikuwa mara nyingi Kiswahili. Tarehe 27 Januari 2013 isingepaswa kusahauliwa na mtu yeyote anayeupenda mji huu, kwa maana siku hiyo soko liliteketea kwa moto. Mitaji ya watu wengi ikawa majivu kwa siku moja. Wachuuzi walitawanyika katika masoko ya mitaani, wakiwemo waliokwenda Ruvumera, huko huko Buyenzi. Hivyo moto ukawarudisha katika mipaka ambayo soko lilikuwa limewavusha.

Mwaka 2014 serikali iliziunganisha tarafa 13 za mji zikawa 3. Rohero, Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga zikawekwa pamoja katika tarafa ya Mukaza. Kwa hiyo leo tajiri wa Rohero na fundi wa Buyenzi ni watu wa tarafa moja. Lilikuwa jambo jema. Lakini mpaka wa utawala hufutwa kwa kalamu, na mpaka wa mali haufutiki hivyo.

Buyenzi ililipa taifa nini?

Dharau hupata nguvu pale inapoungwa mkono na usahaulifu. Mtu wa Buyenzi huambiwa kuwa ni mgeni, kwamba babu yake alitoka Kongo au Tanganyika, na kwamba lugha yake si ya hapa. Katika mazungumzo ya mitaani ya Burundi, neno Mswahili lenyewe hutumika kwa maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Wala Tanzania haina la kujivunia hapa, kwa sababu huko nako mtu akitaka kulaumu ahadi zisizotimizwa husema kwamba huo ni Uswahili. Ni ajabu ya dunia kwamba lugha inayosifiwa katika mikutano ya marais inatumika kama tusi katika midomo ya wenye kuisema.

Hebu basi tukumbushane. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanza harakati zake, alianza na ushirika wa wafanyabiashara, mwaka 1957, na Waswahili wa Buyenzi na Bwiza walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumuunga mkono mjini. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo akauawa. Leo jina lake limebandikwa katika barabara kuu ya Rohero, na hatuna kinyongo na hilo. Lakini wale waliomwamini wakati Rohero ulikuwa bado wa Wabelgiji, majina yao hayakubandikwa popote.

Tena vita vilivyoanza mwaka 1993 vilipoigawa mitaa ya Bujumbura kwa misingi ya kikabila, hata mtu akashindwa kuvuka barabara kwenda kumjulia hali shemeji yake, Buyenzi ulikuwa miongoni mwa mitaa michache iliyobaki na watu wa asili mbalimbali wakiishi pamoja. Hatudai kwamba haukuguswa, maana hakuna aliyebaki bila kuguswa katika miaka ile. Twadai kwamba pale palikuwa na jamii iliyozoea kumtambua mtu kwa ujirani wake, kwa msikiti au kanisa lake, kwa kazi ya mikono yake, na kwa lugha ambayo haikumilikiwa na kabila lolote. Ikiwa hayo si utamaduni wa taifa, basi neno utamaduni litafutiwe maana nyingine.

Somo la Unguja

Huenda msomaji akasema kwamba Kiswahili safi kiko visiwani, na kwamba ndiko mwalimu anakopaswa kuelekeza macho. Vema. Na tuelekeze macho huko, ila tutazame kisiwa kizima.

Mji wa Unguja nao una pande mbili. Upo Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe na milango ya nakshi. Na upo Ng'ambo, uliokuwa upande wa pili wa hori. Katika mpango wa mji wa mwaka 1923 Waingereza waliendeleza fikra ile ile ya kutenganisha watu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya pande hizo. Hori lilifukiwa, lakini jina la Ng'ambo lilibaki, kwa sababu maji hayakuwa sababu pekee ya utengano.

Sasa angalieni mwaka 1928. Katika mwaka huo mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na katika mwaka huo huo watu wa Ng'ambo walikuwa wamegoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi, wakashitakiwa na wengine kufungwa. Mabwana wa kikoloni walikipenda Kiunguja. Waunguja maskini walikuwa na shauri jingine nao. Lugha ikachukuliwa kuwa kielelezo kwa shule za nchi nne, na wengi wa waliokuwa wakiisema wakahangaikia mahali pa kulaza watoto wao. Hilo halisomeshwi katika historia ya usanifishaji, ingawa tarehe zake ziko jirani.

Na leo? Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na ulistahili. Lakini heshima hiyo ilikwenda kwa mji wa mawe, na Ng'ambo, wanakoishi watu wengi zaidi, haukuhesabiwa ndani yake. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2023 walizidi nusu milioni. Pwani za Nungwi, Kiwengwa na Paje zimejaa mahoteli ambayo mengi si ya wenyeji, na mvuvi huona njia aliyopitia kwenda kwenye ngalawa yake imegeuka ua wa mtu. Kijana msomi wa Kiswahili akipata kazi huko, hutakiwa kwanza ajue Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani. Na Kiswahili anachotakiwa kukisema mbele ya mgeni ni "jambo" na "hakuna matata", maneno ambayo mama yake hamwamkii nayo jirani hata siku moja. Lugha yenye tenzi, mashairi na mafumbo yasiyokwisha imepunguzwa ikawa pambo la fulana.

Twaitaja Unguja kwa makusudi. Burundi nayo inautamani utalii, na ina haki ya kuutamani, kwa kuwa ina ziwa, milima na ngoma zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Lakini kisiwa kinatuonya. Utajiri ukija mahali palipogawanywa na mkoloni, hupitia katika njia zile zile alizozichimba yeye. Hoteli itajengwa penye bustani tayari. Mgeni atapelekwa penye barabara zenye majina. Na Kiswahili kikiandaliwa kuwa bidhaa ya kumlaki mgeni, hakitamletea mtu wa Buyenzi heshima yoyote. Kitamwongezea namna mpya ya kutumwa.

Usanifu si fimbo

Hapa ndipo tunapofika mlangoni mwetu wenyewe, yaani darasani. Kiswahili, pamoja na Kiingereza, kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekikubali pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi, mwaka 2021. Umoja wa Afrika nao umekipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Sheria ya lugha ya Burundi ya mwaka 2014, ambayo iliipandisha daraja lugha ya Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa, haikukipa Kiswahili cheo hicho. Hata hivyo nafasi yake shuleni imefunguka, na wazazi wa Rohero ambao jana waliwakataza watoto wao kukisema, wakisema kuwa ni lugha ya wahuni, leo wanawatafutia mwalimu wa jioni.

Je, wanamtafuta wapi? Si Buyenzi. Tumesikia mara nyingi wazazi wakisema wanataka Kiswahili "cha kweli", si kile cha gereji. Na wapo wenzetu katika kazi hii wanaowaunga mkono. Mtoto aliyezaliwa Buyenzi, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake na ya bibi yake, huingia darasani akijua kutania, kuomba radhi, kusimulia, kuapa na kufariji kwa lugha hiyo. Na mwalimu humwambia mbele ya wenzake kwamba hajui Kiswahili. Mwenzake wa Rohero, ambaye amekariri ngeli bila kuwahi kununua hata kiberiti kwa Kiswahili, hupata alama za juu. Ramani ya mwaka wa mkoloni imechorwa upya, safari hii kwa wino mwekundu wa kusahihishia.

Watu hawa hutuambia kwamba Kiswahili cha Buyenzi kimeharibiwa na Kirundi na Kifaransa. Tunawauliza: hiyo shule mnayofundishia, jina lake limetoka wapi? Limetoka kwa Wajerumani. Meza mnayoegemea ni ya Wareno. Kitabu mkononi mwenu kimetoka kwa Waarabu, na baiskeli iliyoegeshwa nje kwa Waingereza. Maneno hayo yote yanaitwa sanifu kwa sababu yaliingia kwa mlango uliokuwa na karani. Neno la Kifaransa lililoingia Buyenzi linaitwa uharibifu kwa sababu halikupita kwake. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Usumbura ulikuwa chini ya Mbelgiji, kwa hiyo msemaji wake hakualikwa. Kumlaumu leo kwa kutofuata maamuzi ya kikao alichofungiwa nje ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Tusieleweke vibaya. Hatuupigi vita usanifu. Bila Kiswahili sanifu mtoto wa Buyenzi hatasoma vitabu vya wenzake wa Mwanza, Mombasa na Goma, wala hatafaulu mtihani, wala hatasikilizwa katika ofisi za Jumuiya. Anayemnyima mtoto maskini lugha sanifu kwa kisingizio cha kumheshimu anamfungia Uswahilini kwa kufuli jingine. Tunachokataa ni kuigeuza lugha sanifu kuwa fimbo. Lugha sanifu ni nguo ya kutokea. Mtoto afundishwe kuivaa vizuri, lakini asiambiwe kwamba ngozi yake ni uchafu.

Tudai nini, na tuanze wapi?

Malalamiko yasiyo na madai ni kelele. Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne, ambayo hayangoji bajeti ya wizara.

Kwanza, historia ya Kiswahili cha Burundi ifundishwe pamoja na lugha yenyewe. Mwanafunzi wa Rohero ajue kwa nini Buyenzi uko pale ulipo na nani aliyeuweka. Mwanafunzi wa Buyenzi ajue kwamba lugha ya mamaye ina umri mkubwa kuliko mji anaoambiwa kuwa yeye ni mgeni ndani yake. Rumonge na Nyanza-Lac, miji ya ziwani iliyokitunza Kiswahili kwa vizazi vingi, nayo itajwe.

Pili, nafasi za kufundisha na za mafunzo ya ualimu wa Kiswahili zitafute pia vijana wa mitaa na miji hiyo. Si haki kwamba lugha ipate bei ndipo wenye lugha waambiwe hawana sifa. Wenye upungufu wa sarufi wafundishwe sarufi. Ni rahisi zaidi kumfundisha mswahili sarufi kuliko kumfundisha mwanasarufi uswahili.

Tatu, mwalimu anaposahihisha, atenganishe kosa na tofauti. Sentensi isiyoeleweka ni kosa. Neno la Buyenzi linaloeleweka na watu wote wa Buyenzi ni tofauti. Mwanafunzi aoneshwe neno sanifu kando yake, na yote mawili yabaki katika daftari.

Nne, sherehe na semina zetu ziteremke. Kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, kama UNESCO ilivyotangaza mwaka 2021. Mara nyingi hafla za namna hii hufanywa katika kumbi za mahoteli, ambako hotuba ya kukisifu Kiswahili hutolewa kwa Kifaransa, na anayekijua Kiswahili kuliko wote ukumbini ni yule anayegawa soda. Basi na tuzifanye Buyenzi, katika uwanja wa shule, mafundi wa gereji na wauzaji wa Ruvumera wakiwa wasemaji, na wakubwa wa Rohero wakiwa wasikilizaji.

Watatuambia kwamba mwalimu wa lugha hana kazi na viwanja, kodi wala ramani za mji. Jibu letu ni kwamba mkoloni hakuwa na maoni hayo. Yeye alijua vema kwamba ukuta wa mawe hupandwa kwa ngazi, lakini ukuta wa dharau hupita kichwani mwa mtu na kumzuia asiitafute hata hiyo ngazi. Ndiyo maana alishughulika na lugha za watu mapema kama alivyoshughulika na ardhi yao. Ugawaji upya wa ardhi ya Bujumbura hauko mikononi mwetu. Heshima ya maneno iko mikononi mwetu kila siku ya kazi, kuanzia kengele ya kwanza. Mchagua jembe si mkulima, na anayechagua wa kumheshimu miongoni mwa wasemaji wa lugha yake hajawa mwalimu wa lugha hiyo. Tuanze na mtoto wa Buyenzi aliyeketi dawati la nyuma. Tumwite mbele, atusimulie jambo kwa Kiswahili chake, na darasa zima limsikilize mpaka amalize.